Kartie yako inapokutangulia kwenye meza ya mkopo

Aliyewahi kuomba mkopo kwenye COOPEC (ushirika wa akiba na mikopo) au shirika la fedha ndogo hapa Lubumbashi anamjua ajenti wa krediti na ziara yake. Anafika kwako kwenye parseli, anatazama ukuta na bati, anatazama kama waya wa umeme wa SNEL umeingia ndani na kama kuna bomba. Anamsalimia jirani na kumwuliza, kama mtu anayepiga soga tu, mama huyu mmekaa naye miaka mingapi. Halafu anatoa kalamu na kuchora njia: ukitoka kwenye lami, pinda kushoto penye duka la dawa, vuka mtaro, lango la tatu. Mchoro huo unaingia kwenye faili pamoja na nakala ya kadi ya mpiga kura na hati ya makazi yenye muhuri wa shefu wa kartie.

Mchoro ni wa kukutafuta ukichelewa kulipa. Lakini una kazi ya pili, isiyoandikwa popote. Mkubwa wa ofisi akifungua faili na kusoma Golf au Makutano, tayari ana picha ya mtu. Akisoma Kenya (komini yetu, si nchi), Katuba au Kasungami, ana picha nyingine. Hajafika ukurasa wa pili, na tayari mwombaji mmoja yuko mbele ya mwenzake.

Huko Uingereza na Marekani, ambako kila nyumba ina postikodi, yaani alama ya posta inayoonyesha mahali ilipo, kazi hiyo ya pili imekuwa biashara kamili, yenye kampuni zake, hesabu zake na wateja wake. Kompyuta inaifanya kwa mamilioni ya kaya kwa mkupuo, bila mtu yeyote kufika langoni. Sisi hatuna mazoea ya kuandika postikodi kwenye fomu, na wengi wanadhani basi mambo hayo hayatuhusu. Yanatuhusu, na yanaingia kwa mlango mwingine. Ila kwanza tuone yanavyofanya kazi kwao.

Postikodi zilizaliwa kwa ajili ya kupanga barua tu. Uingereza ilijaribu za kwanza katika mji wa Norwich mwaka 1959, ikamaliza kuzigawa nchi nzima mwaka 1974. Marekani ilianza zake, ziitwazo ZIP, Julai 1963. Ukubwa wake unapishana sana. ZIP moja ya Marekani inaweza kubeba watu maelfu, karibu kartie nzima. Postikodi ya Uingereza inashika anwani kama 15 kwa wastani, yaani kipande cha avenyu. SW1A 1AA, kwa mfano, ni jumba la mfalme, Buckingham Palace: SW1A inapeleka barua kwenye eneo lake la London, na 1AA inaishusha hadi mlangoni. Jirani zetu wa Tanzania nao wamo njiani: mwaka 2022 serikali yao iliendesha operesheni ya anwani za makazi, ikaweka namba kwenye nyumba na majina kwenye barabara.

Namba iliyotengenezwa ili barua isipotee iliwapa wafanyabiashara kitu walichokikosa siku zote, yaani njia rahisi ya kumfunga mteja na mahali anapolala.

Wazo la kuipaka mitaa rangi kwa kufuata mifuko ya wakazi ni la zamani zaidi. Charles Booth, tajiri wa meli, alianza kutoa ramani za umaskini wa London mwaka 1889. Kila mtaa ulipewa rangi yake: njano kwa matajiri, kisha nyekundu, waridi, zambarau, buluu mbili, na mwishoni nyeusi. Maelezo ya nyeusi hayakuishia kwenye umaskini. Yaliwaita wakazi wa mitaa hiyo waovu na nusu wahalifu. Tulishike hilo. Tangu ramani za mwanzo kabisa, kipimo cha pato kilibebeshwa hukumu juu ya tabia, na mzigo huo haujatuliwa hadi leo.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Richard Webber alikuwa anachunguza mitaa ya Liverpool. Alitumia takwimu za sensa kuigawa katika makundi, ili wenye mamlaka ya mji wajue ni msaada gani unahitajika wapi. Ilikuwa kazi ya kuhudumia watu. Kabla ya muongo huo kuisha, njia yake ilikuwa imeingia sokoni kwa jina la Acorn, chini ya kampuni ya CACI, na baadaye Webber mwenyewe akajenga mfumo wa pili, Mosaic, ambao leo ni mali ya Experian, mmoja wa mawakala wakubwa duniani wa taarifa za mikopo. Marekani, Jonathan Robbin na kampuni yake ya Claritas walitoa PRIZM katika miaka hiyohiyo, wakizigawa ZIP zote za nchi katika makundi 40.

Makundi hayo yanapatikanaje? Tuifanyie Lubumbashi yetu, kwa mfano tu. Kwa kila avenyu tunaandika kaya ngapi zinapanga na ngapi zina parseli yao, watu wangapi wanalala chumba kimoja, nyumba ngapi zina maji ndani, wangapi wanapokea mshahara na wangapi wanaishi kwa biashara ya meza, watoto wangapi, magari mangapi. Kila avenyu sasa ni mstari wa namba. Tunaiambia kompyuta itafute makundi, tuseme 20. Inaanza kwa kuchagua mistari 20 bila mpango wowote na kuifanya vituo. Kila avenyu inapelekwa kwenye kituo ambacho namba zake zinakaribiana nacho. Kisha unapigwa wastani wa kila kundi, wastani huo unakuwa kituo kipya, na avenyu zote zinagawanywa upya. Zipo zitakazohama. Kazi inarudiwa hivyohivyo mpaka hakuna inayohama tena. Mwishoni avenyu moja ya Katuba inaweza kujikuta kundi moja na avenyu ya Ruashi, au hata ya Likasi, bila kupakana wala kujuana.

Hesabu hiyo ni halali na wala si ngumu. Lakini kuna maamuzi ya binadamu ndani yake ambayo mnunuzi wa orodha hayaoni. Kwa nini 20 na si 60? Kwa nini magari yahesabiwe na mashamba yasihesabiwe? Mtu fulani ofisini ndiye aliyeamua. Kisha mtu huyo huyo, au mwenzake wa idara ya matangazo, anatazama wastani wa kundi na kuliandikia maelezo: watu hawa wanapenda hiki, wanasoma kile, wanaogopa deni au hawaogopi. Mwisho analipa jina. Kundi moja la PRIZM lililojaa familia za mashambani liliitwa Bunduki na Pikapu. Kuanzia hapo kila anayelala kwenye ZIP hiyo, hata mwalimu mjane asiye na bunduki wala gari, anatembea na jina hilo kwenye orodha zinazouzwa.

Kwa matangazo ya kawaida, siwezi kusema hili ni kosa kubwa. Mwenye duka anataka kujua pa kufungua tawi. Kiwanda cha maziwa ya watoto hakina haja ya kupeleka vipeperushi mahali wanapoishi wastaafu. Kundi likikosewa, hasara ni karatasi chache zilizotupwa. Shida inaanza pale orodha inapoamua nani apate huduma. Mwaka 2016 shirika la habari za biashara la Marekani, Bloomberg, lilionyesha kwamba Amazon, ilipoanza kufikisha mizigo siku hiyohiyo, iliruka mitaa ya watu Weusi katika miji kadhaa. Huko Boston eneo la Roxbury lilibaki kama shimo, limezungukwa pande zote na mitaa inayohudumiwa. Kampuni ilisema haikutazama rangi ya mtu, ilitazama wateja wako wapi na maghala yako wapi. Hata tukilikubali jibu hilo, shimo lilikuwepo kwenye ramani. Baada ya kelele, Roxbury ikaongezwa.

Sasa tuje kwenye mkopo, ambako watu wengi wanachanganya mambo, hata wanaoishi huko. Alama ya mkopo yenyewe, yaani namba inayompima mkopaji, ile ya FICO inayotumika Marekani tangu 1989, haihesabu unapoishi. Inatazama umelipaje madeni yako, unadaiwa kiasi gani, una historia ndefu au fupi. Sheria ya mwaka 1974 inakataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au ndoa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuhamia mtaa mbaya kunashusha alama hiyo ya FICO, anakupotosha.

Lakini alama ni chumba kimoja tu cha nyumba. Kabla yake kuna swali la nani apelekewe ofa, na hapo orodha za mitaa zinafanya kazi waziwazi. Usipotumiwa ofa nzuri, hutajua kamwe kwamba ilikuwepo, na hakuna kukataliwa kokote kwa kulalamikia. Kando ya alama kuna kipimo cha ndani cha mkopeshaji mwenyewe, ambacho hakionyeshi kwa mtu wa nje. Na baada yake kuna bei. Bima ya gari ndiyo mfano ulio wazi kabisa: Uingereza ukibadilisha postikodi peke yake kwenye fomu, gari lilelile na dereva yuleyule, bei inaweza kubadilika. Wapiga kura wa California waliona jambo hilo haliwezekani kuachwa hivyo. Mwaka 1988 walipitisha sheria kwamba bei ya bima ya gari ifuate kwanza rekodi ya dereva, umbali anaoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu wake.

Kuna pia kisa cha mwaka 2008 ambacho wataalamu wa huko bado wanakitaja. Mwanaume mmoja wa Atlanta, mlipaji mzuri, alikuta American Express imeshusha kikomo cha kadi yake kutoka dola 10,800 hadi 3,800. Barua ilimweleza kwamba wateja wengine waliotumia kadi zao katika maduka aliyopita yeye hivi karibuni wana historia mbaya ya kulipa. Hakuhukumiwa kwa deni lake. Alihukumiwa kwa madeni ya watu waliosimama naye kwenye foleni moja.

Kwa nini Wamarekani wanashtuka sana wakisikia anwani na mkopo katika sentensi moja? Kwa sababu walishaona mwisho wake. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lililoitwa Home Owners' Loan Corporation lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa ilipewa daraja kuanzia A, ya kijani, hadi D, nyekundu, yaani ya hatari. Uwepo wa familia za watu Weusi ulitosha kuufanya mtaa uwe mwekundu. Chombo kingine cha serikali, kilichoundwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, kilikataa kudhamini katika mitaa ya aina hiyo. Bila dhamana hakuna mkopo, bila mkopo nyumba haikarabatiwi, isipokarabatiwa inashuka thamani, na ikishuka thamani mtaa unathibitika kuwa wa hatari. Ramani ilichangia kutengeneza ukweli ambao ilidai kuupima. Sheria za 1968 na 1977 zilikuja kuzuia mwenendo huo, lakini mali ambayo wazazi hawakuipata, watoto hawakuirithi.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Chicago kuelewa jambo hili. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na ulikatwa vipande tangu utoto wake. Mji wa Wazungu upande mmoja, kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière mahali pake, na cité ya Waafrika ng'ambo ya ukanda mtupu ulioachwa makusudi kati yao. Kamalondo, iliyoitwa Commune Albert, ndiyo iliyotangulia. Kenya, Katuba na Ruashi zikafuata kadiri mji ulivyojaa. Maji, lami na umeme viligawanywa kwa mpango huohuo. Kwa hiyo mkubwa wa ofisi anaposoma Katuba na kufikiria "hatari", anasoma pia mahali ambapo mkoloni aliamua bomba lisifike. Mama anayeuza makaa pale hakuchagua mpango huo, ila ndiye anayelipa riba yake, kwenye shirika au kwa bank lambert, mkopeshaji wa mtaani.

Kuna kosa la hesabu katikati ya haya yote, na lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1950 Mmarekani William Robinson alichapisha makala fupi juu ya sensa ya nchi yake ya 1930. Alilinganisha majimbo, akakuta kwamba jimbo lenye wahamiaji wengi ndilo lenye watu wengi wanaojua kusoma. Ungesema basi wahamiaji walikuwa wasomi. Alipotazama mtu mmoja mmoja, akakuta kinyume: mhamiaji alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujua kusoma kuliko mzaliwa. Sababu ni nyepesi. Wahamiaji walikwenda kutafuta kazi kwenye majimbo yaliyoendelea, ambako wenyeji walisoma. Namba ya jimbo ilikuwa sahihi, na namba ya mtu ilikuwa sahihi, lakini huwezi kuitoa ya pili kutoka kwa ya kwanza.

Sasa ingia kwenye parseli moja ya Golf. Mbele kuna nyumba kubwa, gari mbili, jenereta. Nyuma, kwenye chumba kilichobanwa na ukuta, anakaa sentinele, yaani mlinzi, na mke wake na watoto. Avenyu ni moja, namba ni moja. Mfumo wa anwani ungewapa wote wawili alama ya Golf. Kisha vuka hadi Katuba, kwa tata anayeleta mifuko ya unga kutoka Kasumbalesa kila wiki, ambaye kwa fedha anaweza kuhama kesho, lakini hataki kuacha parseli ya baba yake. Mfumo ungempa alama ya Katuba. Shirika linalotegemea anwani lingemkopesha tajiri wa Golf bila swali, lingemkosea sentinele kwa kumdhania ana fedha, na lingempoteza mteja mzuri wa Katuba. Hata kwa faida yake lenyewe, limepima vibaya.

Na hapa kwetu kuna tatizo ambalo Uingereza haina. Acorn, Mosaic na ndugu zao wanasimama juu ya sensa. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Anayetaka kutupanga hana namba za kupangia, kwa hiyo anazitafuta kwingine: angani na kwenye simu.

Mwaka 2022 watafiti, wakitumia pia data za Facebook, walitoa ramani ya utajiri wa nchi 135 za kipato cha chini na cha kati. Walichukua uchunguzi wa kaya uliofanywa katika nchi 56, wakaifundisha kompyuta kufananisha majibu ya kaya hizo na picha za satelaiti, mitandao ya simu na matumizi ya Facebook, kisha wakaiacha ikadirie mahali pengine pote. Matokeo yanatolewa kwa miraba ya kilomita 2.4 kila upande. Iweke juu ya mji wetu: mraba mmoja unaweza kumeza Kamalondo na kipande cha katikati ya mji pamoja. Kwa mtu anayepanga wapi pajengwe zahanati, hiyo ni ramani ya maana sana. Kwa mtu anayepanga riba ya mama wa makaa, ni panga butu.

Simu inaona karibu zaidi. Kila ukipiga, antena inayokushika inajulikana, na antena ya usiku ni ya kartie unayolala. Kenya, nchi sasa, ilifungua njia mwaka 2012 kwa M-Shwari, mkopo unaoamuliwa kwa historia yako ya simu na ya pesa za simu. Mtu asiye na hati ya parseli wala fiche ya mshahara alipata mkopo kwa mara ya kwanza, na hilo ni jema ambalo sitalipuuza. Anayekopa inite (salio la simu) jioni na kurudisha asubuhi ana historia ya kulipa ambayo hakuna benki iliyowahi kuiangalia. Ila ndani ya data hizohizo kuna mahali anapolala, na kampuni ikiamua kupatumia, hakuna fomu itakayomwonyesha.

Togo ilitupa funzo la karibu. Wakati wa Covid, mwaka 2020, serikali yake iligawa msaada wa fedha kwa simu kupitia mpango wa Novissi. Ilipofika zamu ya vijijini, picha za satelaiti zilisaidia kuchagua kantoni maskini zaidi, kisha data za simu zikachagua watu ndani ya kantoni hizo. Watafiti waliopima baadaye walikuta kwamba kumtazama mtu kupitia simu yake kulikosea kidogo kuliko kuchagua eneo zima peke yake. Daftari kamili la kaya lingefanya vizuri zaidi, lakini halikuwepo. Eneo lilifaa kuanzia, halikufaa kumalizia.

Ujerumani imeliandika jambo hili kwenye sheria tangu 2009. Alama ya mkopo hairuhusiwi kuhesabiwa kwa anwani peke yake, na anwani ikitumika pamoja na mambo mengine, mhusika aambiwe kabla ya hesabu kufanywa. Marekani mkopeshaji anayekukatalia anawajibika kukujulisha ndani ya siku 30, na una haki ya kupewa sababu mahususi, si maneno ya jumla. Kongo tuna Code du numérique ya Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya ulinzi wa data binafsi. Kwa hiyo mlango wa kisheria upo. Kinachobaki ni maombi yenyewe kufika mezani: kwa COOPEC, kwa benki, kwa kampuni ya simu inayokopesha. Ukikataliwa, uliza kwa maandishi kama kartie yako au antena ya simu yako ilihesabiwa, ilihesabiwa kwa uzito gani, na unaweza kuleta nini cha kuonyesha kwamba wewe si wastani wa majirani zako. Daftari la likelemba (mchango wa zamu) lenye majina na tarehe za kulipa, risiti za mzigo, miezi ya kodi iliyolipwa kwa mwenye parseli: haya yanazungumza juu ya mtu mmoja, na ajenti anayejua kazi yake anaweza kuyasoma leo.